Miezi minne na buti zangu, kabla ya kumwinda elki kwa mara ya kwanza

Niliomba kibali cha elki jike hapa Colorado, Marekani, mwezi Aprili, nikakipata. Bunduki nilikuwa nayo tayari. Kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa buti, na leo nawaeleza zilivyonitendea.

Kwa asiyemjua, elki ni wa jamii ya paa lakini ana ukubwa wa ng'ombe. Dume huzidi kilo 300, jike hufika 220 hivi. Ukimwangusha juu mlimani, mara nyingi gari halifiki. Unamchuna palepale, unamkata, unambeba mgongoni vipande kwa vipande, na paja moja la nyuma peke yake linaweza kupita kilo 20. Ndiyo maana mimi naanza na miguu.

Nilinunua buti za ngozi, zinazopanda juu ya kifundo, zenye utando wa kuzuia maji, kwa dola 290. Kosa langu la kwanza: nilizipima asubuhi, nikiwa na soksi nyepesi. Jumamosi iliyofuata nikaweka mfuko wa mchele wa pauni 25 kwenye begi, nikapanda kilima. Kupanda hakukuwa na shida. Kushuka, vidole vyote vilikuwa vinagonga mbele kila hatua, na nilipofika nyumbani kucha ya kidole gumba ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi. Duka lilisita kwa kuwa soli ilikuwa na tope, mwishowe wakanibadilishia nusu saizi juu. Tangu hapo vidole havijagonga tena.

Malengelenge niliyapata wiki mbili, kisigino cha kulia tu. Yaliisha nilipoacha soksi za pamba nikavaa za sufu, na nilipoanza kuzivaa buti kila jioni nyumbani, hata nikiosha vyombo. Ngozi ikalainika, ikashika umbo la mguu. Kufikia Agosti nilikuwa nabeba mifuko miwili ya mchele saa tatu mfululizo.

Utando ni wa kweli: nimekanyaga vijito na majani yenye umande, ndani pakavu. Lakini Julai miguu inatoka jasho sana humo. Ndoano ya juu ya kamba, mguu wa kushoto, iling'oka mwezi wa tatu wa kuzivaa, fundi alinitengenezea. Kwa bei ile sikuitarajia. Soli nayo ni ngumu, inalia kwenye mawe, na elki ana masikio makali. Hata hivyo naichagua ngumu, kwa sababu ukiwa na mzigo, soli laini inakupinda mguu.

Mengine ni ya sheria, nayo ni mepesi: kozi ya usalama kwa yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949, na kwa sisi wa bunduki, nguo ya rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, inchi za mraba 500 juu ya kiuno, pamoja na kofia. Shabaha nafanya kila wiki, nikiwa nimekaa na nimepiga goti, kwa sababu huko hakuna meza ya kuegemeza bunduki. Sitaki mnyama ateseke kwa uzembe wangu.

Oktoba imefika. Jana nimezipaka buti nta, nikabadilisha kamba zote mbili. Ukizinunua, zipime jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, uwe na soksi zilezile utakazowinda nazo, kisha ushuke ngazi za duka mara kumi kabla hujalipa.