Siku nne Jaipur na Agra: tathmini ya kifurushi tulichokinunua Delhi

Mwezi Februari nilimsindikiza mama yangu Delhi kwa matibabu, na daktari alipotupa wiki moja ya kusubiri kabla ya kuonana naye kwa mara ya mwisho, tuliamua kutumia siku nne kati ya hizo kuzuru miji ya kale iliyo karibu. Mama ana miaka 67, anatembea polepole lakini hachoki kutazama. Tulinunua kifurushi cha siku nne kwa wakala wa safari ambaye ofisi yake ilikuwa mtaa mmoja na nyumba ya wageni tuliyofikia, nami naandika tathmini hii kwa ajili ya wale watakaojikuta katika hali kama yetu, yaani wana mgonjwa aliyepata nafuu, siku chache mkononi, na hamu ya kuona kitu zaidi ya kuta za hospitali.

Njia yenyewe inajulikana kwa jina la Pembetatu ya Dhahabu: Delhi, Agra na Jaipur, miji mitatu ambayo kila mmoja uko umbali wa kati ya kilomita 230 na 280 hivi kutoka kwa mwenzake, ikitegemea barabara unayoifuata. Bei tuliyolipa ilihusisha gari dogo lenye kiyoyozi, dereva, mafuta, ushuru wa barabara, maegesho, hoteli za usiku tatu pamoja na chai ya asubuhi, na mwongoza watalii wa siku moja Jaipur na siku moja Agra. Haikuhusisha tiketi za kuingilia, na jambo hilo ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu mgeni hulipa kiasi kikubwa sana kuliko mwenyeji: Taj Mahal, lile kaburi mashuhuri la marumaru kule Agra, peke yake ni rupia 1,100, na rupia 200 nyingine kwa anayetaka kupanda hadi kwenye kaburi lenyewe.

Kasoro kubwa ya huduma hii ilijitokeza kabla hatujaondoka. Ratiba ya kwanza tuliyopewa, ambayo nilikwisha kuilipia arubuni, ilisema Alhamisi tuzunguke Delhi, Ijumaa tulale Agra, Jumamosi Jaipur, na Jumapili turudi. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Tanga tuliyekuwa naye katika nyumba ile ile ya wageni, ambaye aliisoma karatasi yangu wakati tunasubiri maji ya chai yachemke, akanirudishia na kusema, "Ijumaa, mwanangu? Ijumaa mtaiona ukuta." Alikuwa sahihi. Taj Mahal hufungwa kwa watalii kila Ijumaa, siku ambayo huachiwa wanaokwenda kuswali katika msikiti ulio ndani ya eneo lake. Nilipomrudia wakala, alinijibu kwa utulivu kwamba tungeiona kutoka ng'ambo ya mto Yamuna, katika bustani ya Mehtab Bagh. Bustani hiyo ni nzuri na mandhari yake ni ya kweli, lakini haiwezi kuwa badala ya kuingia ndani kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam na ambaye huenda asirudi tena. Mtu anayeuza safari hii kila wiki hawezi kukosa kuijua Ijumaa, na kwa hilo peke yake nampunguzia alama nyingi. Baada ya mabishano alikubali kuigeuza safari: Alhamisi na Ijumaa Jaipur, Jumamosi kuelekea Agra, Jumapili alfajiri Taj Mahal, kisha kurudi Delhi. Hakudai nyongeza, na hilo nalitaja kwa haki.

Delhi tuliiondoa kabisa kwenye kifurushi, na sikuona hasara. Siku ya Jumatano tulikwenda wenyewe kwa Metro na bajaji, ambazo Mama alifurahi kuzikuta nyumbani kwao. Ngome Nyekundu, ambayo Shah Jahan, mfalme wa Kimughali aliyejenga pia Taj Mahal, alianza kuijenga mwishoni mwa miaka ya 1630, ina kituo chake cha Metro, lakini hufungwa Jumatatu. Mahali ambapo ningemsihi kila mtu aanzie ni kaburi la mfalme Humayun, lililojengwa karne ya 16, kwa sababu kuba lake, bustani yake iliyogawanywa kwa mifereji ya maji, na mpangilio wake wote ndivyo vilivyokuja kukomazwa katika Taj Mahal kule Agra miongo kadhaa baadaye. Ukarabati wake ulifanywa kwa msaada wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, ambao ndio uliokarabati pia bustani ya Forodhani kule Zanzibar, na anayeijua Forodhani ataitambua namna ile ile ya kuheshimu jiwe la zamani bila kulipaka sura mpya.

Dereva alikuwa mtu wa makamo, mpole, asiyeendesha kwa pupa, na alimwita mama yangu "Mataji", yaani mama, tangu dakika ya kwanza, kwa sauti ambayo hata asiyejua Kihindi angeielewa kuwa ni ya heshima. Lugha ya kuzungumza hawakuwa nayo. Lakini tulipokuwa tumesimama kwenye mgahawa wa kando ya barabara, tukila chapati na dengu, dereva alinyoosha kidole kuelekea nje na kusema jambo lenye neno "gaadi", na Mama akainuka palepale kwa kuwa amelisikia "gari". Kuanzia hapo wakawa wanachumiana maneno: pesa, duka, chai, laki, bima, kila mmoja akilitaja lake na kumsubiri mwenzake. Sijawahi kuona darasa la historia ya Bahari ya Hindi lililo wazi kuliko lile, na mwalimu wake alikuwa akimimina chai kwenye kisahani.

Jaipur ilianzishwa mwaka 1727 na mfalme Sawai Jai Singh II, aliyeipima mitaa yake kwa mistari iliyonyooka. Picha za mtandaoni huionyesha kuwa ya waridi, rangi iliyopakwa mwaka 1876 kwa ajili ya ziara ya mwana wa malkia wa Uingereza, ingawa kwa macho yangu ni rangi ya chungu kilichotoka tanuruni. Ngome ya Amber, kilomita 11 nje ya mji, ilitupa asubuhi njema kabisa. Gari dogo la kupanda mlimani lilimfikisha Mama hadi juu bila ngazi nyingi, na ningependa wageni walichague hilo badala ya kuwapandisha tembo mlima ule mchana wa jua. Katika Sheesh Mahal, ukumbi uliopambwa kwa vipande vya vioo, Mama aliuona mtandio wake wa kijani ukirudiwa mara mia juu ya dari.

Mchana wa siku hiyo ndipo mwongoza watalii alipotuharibia ratiba. Alitupeleka kwenye duka la vito "kwa dakika kumi", kisha kwenye la mazulia na vitambaa vya kuchapwa kwa mhuri wa mbao, na tulipotoka huko saa moja na nusu ilikuwa imekwenda. Duka la pili lilikuwa na kazi ya kupendeza, na ninakiri kwamba tulinunua shuka mbili. Hata hivyo kila mtu anajua kuwa mwongozaji hupewa kamisheni, na kamisheni hiyo hulipwa kwa muda wa mteja. Kwa mtu mwenye mwezi mzima, saa moja na nusu si kitu. Kwa mwenye siku nne, ni jengo zima analolikosa, na sisi tuliikosa Kasri ya Mji, kasri ya Hawa Mahal yenye madirisha yake 953 tukaipita ndani ya gari, na tukafika Jantar Mantar zikiwa zimebaki dakika ishirini kufunga.

Dakika hizo ishirini nitazikumbuka. Jantar Mantar ni uwanja wa vipimo vya nyota na jua vilivyojengwa kwa mawe, na kikubwa kuliko vyote ni Samrat Yantra, saa ya jua yenye urefu wa mita 27 hivi. Niliweka ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa kivuli, juu ya mistari iliyochongwa, na kabla sijamaliza kumweleza Mama ninachofanya kivuli kilikuwa kimekwisha kuuhama ukucha. Husogea kiasi cha milimita moja kwa sekunde, na unauona muda ukipita kama unavyomwona sisimizi. Mlinzi akapiga filimbi. Hapo ndipo hasira yangu kwa yale maduka ilipofika kooni.

Jumamosi ilikuwa siku iliyopangwa vizuri kuliko zote, na sifa zake ni za dereva, kwa kuwa ndiye aliyeshauri tupitie Abhaneri, kijiji kilicho kando kidogo ya barabara ya Jaipur kwenda Agra. Hapo pana Chand Baori, kisima cha zaidi ya miaka 1,000 kilichochimbwa kwa ngazi zipatazo 3,500 zinazoshuka kwa pembe, tabaka chini ya tabaka, hadi kwenye maji ya kijani. Wageni hawaruhusiwi kushuka, na hivyo Mama, kwa mara moja katika safari hiyo, aliona sawasawa na vijana wote. Kutoka hapo tulikwenda Fatehpur Sikri, mji ambao mfalme Akbar aliujenga kuanzia mwaka 1571 na kuuhama baada ya takribani miaka 15. Kaburi la walii Sheikh Salim Chishti, dogo na jeupe, lina kuta za marumaru zilizotobolewa kama kitambaa cha lesi, na watu hufunga nyuzi kwenye matundu yake kwa nia zao. Jihadhari tu na vijana wanaojiunga nawe wakisema kuwa wao ni wa msikitini na hawataki malipo. Wa kwetu alitupeleka moja kwa moja kwa muuza vitambaa vya kutandikwa kaburini.

Agra tulikuwa langoni kabla jua halijachomoza, na kwa siku ya Jumapili, ambayo umati wake ni mkubwa, hakuna saa nyingine ya kuingia. Mwongozaji wa hapa alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alimtafutia Mama kitimwendo bila kuombwa, akatusimamisha mbele ya lango kuu la mawe mekundu, na alipotaka kuanza maelezo Mama alimwashiria anyamaze. Alikuwa ameinua uso kuelekea maandishi meusi yaliyopachikwa kwenye marumaru kuzunguka lango, na midomo yake inachezacheza. Alisoma madrasa Pangani akiwa mtoto. Maandishi yale ya mkono wa kifundi, yaliyopandana, hakuweza kuyafuata yote, ila alilinasa neno moja, kisha jingine, kisha akaisoma kwa sauti: sura ya Al-Fajr, mwisho wake, pale nafsi iliyotulia inapoitwa irejee kwa Mola wake na kuingia peponi. Mwongozaji akamalizia naye aya ya mwisho, wakiwa wametoka nchi mbili na hawana lugha moja, na hapo ndipo tulipoingia tukaiona Taj Mahal.

Kaburi hilo, lililoanza kujengwa mwaka 1632 kwa ajili ya Mumtaz Mahal, mke wa Shah Jahan, limeelezwa na wengi, nami nitaongeza jambo moja la kutazama kwa karibu: maua ya mawe yaliyopachikwa ukutani. Mwongozaji alimulika kurunzi kwenye jani moja na jiwe jekundu likawaka kama kaa. Ilikuwa akiki, jiwe lile lile la pete ambayo baba aliivaa hadi anafariki. Tiketi inakupa saa tatu, na tulizitumia zote. Baadaye, katika Ngome ya Agra, tuliketi karibu na mnara ambao Shah Jahan alifungiwa na mwanawe kuanzia mwaka 1658 hadi alipokufa mwaka 1666, akilitazama kaburi la mkewe ng'ambo ya kona ya mto. Mama aliomba tusiharakishwe, na hatukuharakishwa.

Hoteli zilikuwa safi na za kawaida. Zote zilitaka pasipoti na viza zenyewe, si nakala tu, kwa hiyo msiziache Delhi. Mwenye siku moja pekee, na mgonjwa asiyeweza kukaa garini, asinunue kifurushi hiki: treni ya Gatimaan hutoka kituo cha Hazrat Nizamuddin asubuhi na kufika Agra kwa muda wa saa moja na dakika arobaini hivi, isipokuwa Ijumaa, siku ambayo haisafiri. Mwenye siku nne anunue, lakini aandike kwa mkono wake kwenye ratiba, kabla ya kutoa arubuni, siku ya kila jengo na maneno "bila maduka", kisha wakala atie saini.

Tuliporudi nilimpelekea wakala malalamiko yangu ya siku ya Jaipur, nikiyaorodhesha kwa saa na dakika. Alirudisha nusu ya ada ya mwongozaji. Mama alizichukua noti hizo, akazikunja, akanituma nizipeleke nje kwa dereva kabla hajaondoka.