Holografia au mwanga mweupe kwa kupima lenzi ndogo?
Hadubini ya holografia ya kidijitali (inayotumia leza na kompyuta kujenga umbo la uso) hunasa kimo cha uso mzima wa lenzi kwa picha moja, hivyo mtikisiko wa meza hauivurugi kirahisi, wala haina kipandishio (sehemu inayosogeza kifaa juu na chini) cha kusawazishwa mara kwa mara kama intaferometa ya mwanga mweupe (kipimo kinacholinganisha mawimbi ya mwanga), ambayo hupiga picha nyingi hatua kwa hatua. Lakini kwa leza nyekundu ya nanomita 633, ngazi ya ghafla (uso unaopanda au kushuka mara moja) inayozidi takriban nanomita 316 huacha utata wa kimo, yaani haijulikani kimo halisi ni kipi, mpaka iongezwe leza ya pili. Mwanga mweupe hauna shida hiyo. Penye mteremko mkali, zote hutaabika. Kwa lenzi laini zinazokaguliwa kwa wingi, ningechukua holografia. Kwa sehemu zenye ngazi, mwanga mweupe.