The Pigeon Tunnel: kumbukumbu za mwana wa tapeli

Wengi hununua The Pigeon Tunnel, kitabu cha kumbukumbu cha John le Carré, mwandishi Mwingereza wa riwaya za kijasusi, kilichotoka mwaka 2016, kwa sababu ya majasusi na watu mashuhuri waliomo. Mimi nakipendekeza kwa sababu ya sura moja ndefu iliyo karibu na mwisho, ambamo mwandishi anamkabili baba yake, Ronnie Cornwell, tapeli aliyeonja jela za nchi kadhaa na kufariki mwaka 1975. Le Carré anaeleza kwamba amemweka nyuma kwa makusudi, kwa kuwa hakutaka baba yake ajipenyeze mpaka mbele na kukitawala kitabu kama alivyozoea kuitawala nyumba. Uamuzi huo wa kupanga sura tayari ni kauli ya mtoto aliyejifunza kumwekea mzazi mipaka.

Jina halisi la le Carré lilikuwa David Cornwell, naye alizaliwa Poole, Uingereza, mwaka 1931. Alipokuwa na miaka 5, mama yake, Olive, aliondoka usiku, na hakumwona tena mpaka alipomtafuta mwenyewe akiwa na miaka 21. Yeye na kaka yake wakabaki na Ronnie, ambaye leo alikuwa na farasi wa mashindano na kesho alizima taa na kuficha gari nyuma ya nyumba ili wadai wadhani hakuna mtu. Alitaka wanawe wawe waungwana, hivyo akawapeleka katika shule za bweni za gharama, lakini ada wakati mwingine aliilipa kwa matunda makavu na pombe kali vilivyotoka kwenye magendo. Mtoto katika shule ya namna hiyo hulazimika kuigiza kutwa nzima: aige lafudhi ya wenzake, abuni nyumba ya kawaida asiyokuwa nayo, na amlinde baba kwa uongo ambao hakuuanzisha yeye.

Kwangu, mahali kitabu kinapogusa kiini cha jambo ni pale anaposimulia kumbukumbu ya utotoni ya kusimama nje ya gereza la Exeter, ameshikwa mkono na mama yake, wakimpungia baba aliyekuwa kwenye dirisha la juu. Miaka mingi baadaye alipomtajia Ronnie jambo hilo, Ronnie alilikana moja kwa moja, akakubali kwamba Exeter alipita lakini sehemu kubwa ya kifungo aliitumikia kwingine. Sasa mwana amwamini nani? Macho yake mwenyewe ya utotoni, au mtu ambaye kazi yake maishani ilikuwa kuwafanya wengine watilie shaka macho yao? Le Carré hasemi kwamba ameshinda ubishi huo. Anaiacha picha ilivyo, pamoja na shaka yake, na hapo ndipo nilipomwamini zaidi, kwa maana aliyelelewa na mzazi mwongo anajua kwamba hasara kubwa kuliko fedha zilizopotea ni kukosa uhakika wa mambo yaliyompata yeye mwenyewe.

Anasimulia pia kwamba aliwahi kuwakodi wapelelezi wawili wachunguze maisha ya baba yake na yake, akikusudia kuandika kitabu chenye ukweli uliothibitishwa kwenye ukurasa mmoja na kumbukumbu zake kwenye ukurasa wa pili. Mpango huo haukufika popote. Alichoweza kufanya ni riwaya iliyotokana na maisha hayo, A Perfect Spy, iliyotoka mwaka 1986, Ronnie akiwa ameshafariki. Hoja ninayoiona katika maisha yake yote ni kwamba vifaa alivyorithi, yaani kuigiza, kubuni na kusoma udhaifu wa mtu, hakuvitupa. Alivipeleka kwanza kwenye idara za ujasusi za Uingereza, kisha kwenye riwaya, mahali ambapo msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba anasimuliwa jambo la kubuni na amelikubali kwa hiari. Tofauti hiyo ya ridhaa ndiyo inayomtenga mwana na baba.

Kasoro zipo. Sehemu kubwa ya sura ya Ronnie ilikwisha kuchapishwa na jarida la The New Yorker mwaka 2002, kwa hiyo aliyeisoma huko hatapata mengi mapya. Waliotapeliwa hawasikiki vya kutosha, na Olive, aliyevumilia kipigo kabla ya kukimbia, anapewa nafasi ndogo kuliko anayostahili. Baadhi ya visa vya kukutana na wakubwa ni vyepesi. Anayetaka tarehe na ushahidi asome wasifu wake ulioandikwa na Adam Sisman, uliotoka mwaka 2015. Filamu ya Errol Morris ya mwaka 2023, yenye jina hilihili, ni nzuri, ingawa inampa Ronnie nafasi kubwa ambayo kitabu kilikuwa kimemnyima.

Kama unasikia Kiingereza vizuri, chukua toleo la sauti, kwa kuwa mwandishi analisoma mwenyewe, na mtu huyu alijaliwa kipaji cha kuigiza sauti za watu. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna faida ya ziada: kitabu kina sura kuhusu safari yake ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, alipokuwa akiandaa riwaya ya The Mission Song ya mwaka 2006. Mhusika mkuu wa riwaya hiyo, Salvo, ni mkalimani wa Kiswahili na lugha nyingine za Kongo, mtoto wa mmisionari Mkatoliki kutoka Ireland na mwanamke Mkongo, mtoto ambaye kuwepo kwake kulikuwa siri ya kufichwa. Ningeisoma mara tu baada ya sura ya Ronnie, wakati kisa cha mtoto na siri ya baba yake bado kimo kichwani.