Prokisi moja domeni tatu: wamenichanganyia wateja

Hii kampuni ya hosting siitaji jina, wenyewe watajijua. Niko Mtwara mjini, natunza saiti za watu: gesti ya Mikindani, AMCOS moja (ushirika wa wakulima) huko Newala na duka la spea. Zote nimezipitisha kwao, wanaweka nginx mbele, ile programu ya prokisi inayompokea mgeni kwanza, inashika kache, yaani inatunza nakala ya ukurasa iutoe fasta, seva yangu inakaa nyuma.

Spidi sikatai, ni moto. Hata bando likiwa linasuasua ukurasa unafunguka fasta, nikawasifia mpaka kwa washkaji.

Msimu wa korosho umechanganya, katibu wa AMCOS ananipigia, "Mwanangu, mbona kwenye saiti yetu kuna bei za vyumba?" Nikajua utani wa wazee. Nafungua, juu anwani ya AMCOS, chini vitanda na neti! Ukirudi baadaye imegeuka, ya gesti ndo inaonyesha bei za mnada, na ukurasa wa mawasiliano nao hivyo hivyo, yaani mtu anataka chumba cha AC anampigia katibu wa wakulima wa korosho.

Napiga huduma kwa wateja, kijana bila hata salamu ananiambia "futa kache ya brauza yako, mama". Nikamwambia wa Newala wanaona hivyo, wa Masasi hivyo, wa Dar hivyo, brauza zao nizifute mimi? Akakata simu.

Basi nikaingia mwenyewe kwenye maelezo ya nginx. Kumbe kuna mpangilio unaitwa proxy_cache_key, usipoigusa, ufunguo wa kache (lebo ya kutambulia kila nakala) unaundwa na http au https, jina la seva ya nyuma na njia ya ukurasa, ile domeni aliyoandika mgeni haimo! Na saiti zangu zote zinaenda seva moja, kwa hiyo "/" ya gesti na "/" ya AMCOS kwake ni kitu kimoja, ya nani imefunguliwa kwanza ndo inagawiwa kwa wote mpaka muda wake uishe. Dawa yake $scheme$host$request_uri, ile $host ndo domeni ya mgeni, mstari mmoja jamani, na hao ndo wataalamu tunaowalipa.

Nikawatumia, wakarekebisha kimya kimya, pole hamna asante hamna.

Tangu hapo haijachanganya tena, na spidi bado tamu, nikataka niwape nyota tatu. Halafu leo wameniletea bili ya "marekebisho ya kiufundi". Moja! Na minada ikiisha nahama.