Uzoefu wangu na GENFIT kwa treki za chemba ya waya

Kama unafanya kazi na ditekta za gesi (vifaa vya kunasa chembe ndogo za fizikia) na bado unajiandikia kodi ya kompyuta ya kufiti treki, yaani kukokotoa njia iliyopitwa na chembe, jaribu GENFIT kwanza. Ni laibrari ya C++ ya bure, kodi iko wazi, inakaa juu ya ROOT (programu ya kuchambua data za fizikia ya chembe), na jaribio la Belle II kule Japani wanaitumia kwenye chemba yao yenye waya 14,336 za kusomea, gesi nusu heliamu nusu ethani. Mi nimeitumia kwa chemba ndogo zaidi na sirudi nilikotoka.

Ugumu wa hizi chemba uko hivi: chembe yenye chaji ikipita kwenye gesi inang'oa elektroni, zile elektroni zinavutwa na umeme mpaka kwenye waya, zikiukaribia sana zinaongezeka ghafla kwa maelfu ndo tunapata signo. Tunachopima ni muda wa elektroni kufika kwenye waya. Gesi nyingi zinazotumika elektroni inaenda kama sentimita 5 kwa maikrosekunde, kwa hiyo ukijua muda unajua umbali kutoka kwenye waya, ila hujui treki imepita kushoto au kulia!! Hiti 10 tu (hiti ni signo moja kwenye waya) tayari ni michanganyiko 1024, na hapo noizi, yaani signo za uongo, bado.

Sasa hapa ndo GENFIT ilinikosha kabisa. Filta ya Kalman ya kawaida ipo (inarekebisha makadirio ya treki hiti baada ya hiti), lakini ipo na nyingine wanaiita DAF ambayo haikulazimishi uchague upande mapema, yaani inazipa pande zote mbili uzito, inafiti, inashusha kile wanachokiita joto (namba tu, si joto la gesi), inafiti tena, mpaka upande mmoja unakaribia 1 na wa pili unakaribia 0. Niliprinti uzito wa hiti moja ambapo treki imepita karibu kabisa na waya, pande zote mbili zikabaki nusu kwa nusu mpaka mwisho. Na ndo jibu sahihi, kwa sababu umbali wenyewe ulikuwa mdogo kuliko kosa la kipimo, sasa utachagua upande kwa kigezo gani? Hiti za noizi nazo zinakosa uzito zenyewe, huhitaji kuzifuta kwa mkono.

Upotevu wa nishati na kuyumba kwa chembe ikipita kwenye gesi na kuta, hayo inayahesabu yenyewe ukishaipa jiometri. Angalia yuniti tu, ni sentimita, GeV na kilogausi, kwa hiyo tesla 1.5 unaandika 15.

Ila jamani ijulikane, hii inafiti, haitafuti. Nani ni hiti za treki ipi, hiyo kazi ni yako, na lazima uipe pa kuanzia: nafasi, momenta na makadirio ya kosa. Pia uhusiano wa muda na umbali unautoa wewe, na huo unabadilika presha au joto la gesi likibadilika, na ndani ya sumaku elektroni haziendi moja kwa moja kwenye waya, zinapinda. Mi huwa nachora mabaki ya fiti (tofauti kati ya kipimo na treki iliyofitiwa) dhidi ya umbali kutoka kwenye waya kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Yakiwa yamehama kwa kiasi kilekile karibu umbali wote nashuku muda wa kuanzia kuhesabu, yakizidi kuhama kadiri unavyoenda mbali na waya nashuku kasi niliyoweka. Hakuna filta itakayokuokoa hapo, chi-skwea (kipimo cha fiti inavyokubaliana na data) inaweza hata kupendeza kama umeweka makosa makubwa kupita kiasi.

Wenye TPC (ditekta ya gesi inayopima pointi za treki kwa pande tatu) nyie pointi zenu zinakuja tayari na nafasi ya pande tatu, hakuna kushoto na kulia, kwa hiyo anzeni na Kalman ya kawaida, DAF muiwashe pale noizi ikizidi maana inafiti mara nyingi zaidi na inakula muda wa prosesa.