Ruta ya 4G ya Cat 4: inatosha kubana gharama za intaneti nyumbani?

Inatosha, kwa sharti kwamba haijafungwa kwa kampuni moja ya simu na umeiweka mahali sahihi. Nyumba ambayo kila mtu hununua bando lake la siku hulipa GB moja ghali kuliko inayochangia kifurushi kimoja kikubwa cha mwezi, na hapo ndipo ruta hii inapojilipa.

Cat 4 ni daraja la kasi la ruta za 4G, na boksi litakuambia Mbps 150. Huo ni upeo wa kinadharia, usiutarajie. Video ya HD inataka Mbps 5 hivi, kwa hiyo 20 za uhakika zinawatosha watu watatu wakitazama kwa pamoja. Usiongeze hela kwa ajili ya Cat 6, daraja la juu zaidi, kabla hujajua kama mnara wa karibu unaunganisha masafa mawili kwa wakati mmoja. Mnara usipofanya hivyo, kasi ni ileile.

Ruta iliyofungwa huuzwa rahisi, ila vifurushi vikipanda bei huna pa kuhamia. Ijaribu dukani kwa laini ya kampuni nyingine. Ikidai namba ya kufungulia, iache. Angalia pia masafa yanayotumiwa na mtandao wako. MHz 800 (bendi ya 20) hupenya kuta vizuri kuliko 1800 au 2600, hivyo kama mtandao wako unayo na ruta haina, utahangaika ndani ya nyumba.

Kuhusu mahali pa kuiweka, usiamini vile vijitaa vya mbele. Fungua ukurasa wa ruta kwenye simu (anwani iko kwenye stika ya chini, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1), kisha tafuta RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (usafi wa mawimbi). RSRP ya -85 ni nzuri. Ikifika -110 utateseka. SINR huwachanganya wengi: mawimbi yanaweza kuwa na nguvu huku mwingiliano wa minara mingine ukiyavuruga, ndipo unaona vijitaa vyote vimewaka na video inakwama. Ikizidi 13 uko salama, ikishuka chini ya 0 kasi inakufa. Weka ruta kwenye dirisha moja, subiri dakika, soma, hamia jingine. Ongezeko la dB (desibeli) 3 tu ni nguvu maradufu, na halikugharimu chochote. Epuka kuiweka karibu na bati au kioo kilichopakwa utando wa metali.

Udhaifu wake mkubwa ni waifai: nyingi za bei hii zina GHz 2.4 pekee. Kwenye jengo lenye wapangaji wengi, weka chaneli ya 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache, na upana wa MHz 20. Ikiwa inajizima watu wakiwa wengi, shuku adapta kwanza. Nyingi hutaka volti 12 na ampea 1, na adapta feki haifikishi. Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 yenye Wh 30 huisukuma ruta inayokula wati 6 kwa takriban saa 4.

Bando likiisha mapema, anza na televisheni. HD hula hadi GB 3 kwa saa, wakati 480p (ubora wa chini) haizidi GB 1 hivi. Halafu zima masasisho ya kompyuta na upakiaji wa picha unaojiendesha, kwa sababu vifaa hivyo vikiona waifai hudhani data haina mwisho.