Katiba ya Kiswahili kwa ubishi wa mihula: yafaa, lakini ina mitego

Ubishi wa mihula ya uongozi ukipamba moto barazani Mkunguni, mjini Lamu, mtu huchomoa simu, akasoma kifungu kimoja na kujiona ameshinda. Katiba ya Kenya ya 2010 ina vifungu 264, na habari ya ukomo wa uongozi imetawanywa humo. Ndiyo maana nakala ya karatasi yaishinda ya simu: unatia kidole pahali pawili kwa pamoja.

Usichapishe yote. Vifungu vya 142, 146, 180, 182, 255 na 259 vyatosha. Mwambie wa saiba (duka la intaneti na uchapishaji) akuze herufi (wazee huhangaika na herufi za sisimizi) na aunganishe kurasa kwa uzi, si kwa pini. Kwa chumvi ya Lamu pini hushika kutu na kutoboa karatasi.

Kifungu cha 142 ndicho kinachosomwa na kila mtu: rais hashiki wadhifa huo zaidi ya mihula miwili. Tazama neno lisilokuwemo: "mfululizo". Cha 180 chasema vivyo hivyo kuhusu magavana. Issa Timamy alikuwa gavana wa Lamu 2013 hadi 2017, akarudi 2022. Ile miaka mitano ya katikati haiufuti muhula wa kwanza. Kwa wa Malindi mfano ni Amason Kingi: alimaliza mihula miwili ya ugavana Kilifi, kisha akawa Spika wa Seneti. Kinachofungwa ni kiti, mtu yuko huru. Na wabunge na wawakilishi wa wadi hawana ukomo wowote, jambo ambalo barazani husahauliwa kwa urahisi wa ajabu.

Panapovurugika zaidi ni 146 (rais) na 182 (gavana). Naibu akirithi kiti ikiwa imebaki zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya uchaguzi wa kawaida, anahesabiwa muhula mzima. Ikiwa imebaki pungufu, hahesabiwi. Chukua kalenda, usikisie.

Anayesema Bunge peke yake laweza kurefusha muhula wa rais, mfungulie 255: lazima kura ya maamuzi, na katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti wajitokeze angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa.

Kasoro kubwa ya nakala yenyewe imo ndani ya 259: matoleo ya lugha yakigongana, la Kiingereza ndilo hushika. Kwa hiyo ambatisha nyuma ukurasa wa Kiingereza wa 142 na 180.